Usiiwashe Bila Spika

Bashay, 9 Septemba 2024

Kwa fundi Farouk Halfani, Katesh

Mwanangu Farouk,

Marhaba, maana najua ungeniamkia. Sisi huku wazima, ng'ombe wazima, mahindi yamo ghalani. Mgonjwa ni redio.

Ni ile ile ambayo marehemu baba yako alimuuzia marehemu baba yangu pale dukani kwenu Dongobesh, na ambayo wewe mwenyewe uliiachisha betri ikaanza kutumia umeme, ukaichomekea na kale kadude ka kunasa FM nyuma. Sauti yake imechanika. Kwaya ikiimba, sauti ya kwanza inatoka kama mtu anayepasua kuni, na besi haipo kabisa. Nimefundisha kwaya ya kigango chetu tangu nikiwa kijana, siwezi kukaa nikisikiliza wimbo usio na besi.

Ningekupigia simu, lakini network iko juu ya kilima na goti langu limekataa kilima. Kwa hiyo nimeifungua redio mwenyewe, nikazitoa zile nyaya mbili, nikaitoa spika peke yake, ndiyo hii. Mke wangu Genoveva ndiye aliyeiweka kwenye boksi na kulifunga kwa kamba ya katani, kwa kuwa vidole vyangu siku hizi haviwezi fundo. Konda ameapa atakukabidhi mkononi.

Sasa nikuambie kwa nini nina haraka. Tangu Pasaka Genoveva haketi tena na mimi jioni kusikiliza. Zamani tulikaa wawili, yeye na ufumaji wake, tukasikiliza salamu, kwaya na matangazo ya vifo, huku akiwalaumu waimbaji wa watu. Sasa anabaki jikoni. Kwaya ya kanisani nayo ameacha, na sababu hakutoa. Ukimuuliza habari za ndama anakujibu habari za chumvi. Binti yetu Perpetua alikuja mwezi uliopita akayaona hayo, akasema akili ya mama imeanza kuchoka, na kwamba akija Krismasi ataondoka naye akaishi naye Babati. Mimi nibaki hapa na kuku? Nasema akili ya mke wangu ni nzima. Kilichomchosha ni hii redio na makelele yake. Sauti ikirudi, atarudi kukaa, na Perpetua atamkuta mama yake mahali pake.

Kwa hiyo usiiweke kwenye foleni ya simu za watu. Anza na hii.

Maximilian Bura


Katesh, 14 Septemba 2024

Shikamoo mzee wangu Maximilian,

Spika nimeipokea. Nimeiweka mezani nikaitazama, nayo ikanitazama. Mzee, ng'ombe wako akikataa kula, unamkata ulimi ukautuma kwa daktari wa mifugo?

Spika ni kipande tu. Inategemea transfoma, na transfoma inategemea zile chupa za kioo zinazowaka ndani, sisi mafundi tunaziita valvu. Ukinipa spika tupu, sijui wenzake wanaitaka iweje. Na hii yenyewe imekwisha. Karatasi yake ya mbele imeliwa na panya mpaka naona kidole changu upande wa pili. Za aina hii hazitengenezwi tena, na chache alizoacha marehemu baba zilikuwa kabatini kwenye kibanda cha zamani. Kabati liliondoka na tope lililoshuka mlimani Desemba, na kibanda pia.

Zilizopo madukani sasa ni spika za magari na za sabufa. Zina mpira pembeni na sumaku nzito, zinataka kusukumwa kwa nguvu, na redio yako ina nguvu za mzee. Kuzioanisha inawezekana ila si kwa kubahatisha. Nitumie redio nzima.

Na hili nakuandikia kwa herufi kubwa: USIIWASHE REDIO BILA SPIKA. Nguvu ya valvu ikikosa spika ya kuipokea inarudi kwenye transfoma na kuiunguza. Iache imezimwa kabisa, hata kama mkono unakuwasha.

Mke wangu Hajira amesoma barua yako juu ya bega langu. Anasema mwanamke hahami sebuleni kwa sababu ya redio, anauliza umemkosea nini mama. Nimemwambia hayo si mambo ya fundi.

Msalimie sana mama Perpetua. Fundo lake nimelishindwa, nimelikata kwa kisu.

Farouk


Bashay, 22 Septemba 2024

Farouk,

Barua yako ya herufi kubwa imefika jana. Ungeiandika mapema.

Redio nimekuwa nikiiwasha kila jioni tangu spika iondoke. Usiniulize kwa nini, sababu ni zangu. Juzi imetoa harufu kama ya kwato inayochomwa, ikatoa na moshi kidogo. Taa ya kioo cha stesheni bado inawaka vizuri, kwa hiyo nadhani haijaumia sana.

Naituma nzima kama ulivyotaka. Konda alitaka kuipandisha juu ya basi pamoja na mbuzi, nikaikatia tiketi ya kiti kama mtu. Genoveva ameifunika kwa kile kitambaa chake cha kufuma, kisha akaizungushia khanga. Amesema redio haisafiri uchi. Kitambaa kirudi.

Na kuna jambo limebadilika. Sitaki tena sauti nzuri. Nataka sauti kubwa. Kubwa sana, Farouk, kadiri mashine inavyoweza. Uzuri utafuata baadaye.

Mwambie Hajira sijamkosea mtu.

Nimeweka na vitunguu swaumu.

Maximilian Bura


Katesh, 6 Oktoba 2024

Shikamoo mzee,

"Haijaumia sana." Transfoma ya sauti imeungua mpaka nta imemwagika chini ikaganda. Nimeishika mkononi nikamwita Hajira aje aone kazi ya mtu aliyefundisha kwaya.

Halafu nimefungua nyuma. Nimekuta kiota cha panya, punje za mahindi na vipande vya sufu. Nimekuta pia kwamba kitambaa cha mama kilikuwa kinashuka mpaka kwenye matundu ya kutolea joto, kimeanza kubadilika rangi pembeni. Mzee, valvu ni moto. Kitambaa juu ya moto unakijua mwisho wake. Na upande wa mbele kilikuwa kimelifunika tundu la spika, sasa sauti ungeipata wapi? Naomba kuanzia leo kikae juu ya meza, au juu ya sufuria, popote pale ila si juu ya redio.

Kazi nimefanya hivi. Transfoma nimeitoa kwenye amplifaya mbovu niliyokuwa naitunza, nikachagua zile ncha zinazokubaliana na spika za kisasa. Ukizikosea hizo, ama sauti inakuwa hafifu, ama valvu zinachoka mapema. Kwa kuwa umetaka kelele, nimekutafutia spika pana na nyepesi, ya aina wanayofunga kwenye kumbi. Haihitaji nguvu nyingi, ukiipa kidogo inapaza. Ubaya wake ni kwamba ni kubwa kuliko redio, haiingii ndani, kwa hiyo nimeijengea sanduku la mbao la peke yake. Liweke pembeni, waya ni mrefu. Nimeijaribu hapa kibandani, wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara wakaja kuniomba nipunguze.

Lakini bado sielewi, mzee. Wewe mtu wa besi na sauti zilizopangika, kelele za nini?

Kitambaa kimo ndani, kimefuliwa. Swaumu tumekula, asante.

Farouk


Bashay, 19 Oktoba 2024

Farouk,

Sanduku lako nimelipokea, limelala sebuleni kwangu kama mbuzi aliyegoma. Taa inawaka huku, sauti inatokea kule. Mtu ageukie wapi? Mtu akiongea na wewe, mdomo wake unauacha jikoni?

Kelele zipo, nakiri. Jirani yangu Gidabuday, shamba la pili kutoka hapa, alinijia asubuhi kunishukuru kwa taarifa ya habari. Ndama wamekataa kunyonya wakati wa salamu. Na sauti yenyewe ni nyembamba, kali, yote iko kichwani, mpaka meno yananiuma.

Na kazi niliyoitaka haikufanya. Genoveva alikuja jioni ya kwanza, akaketi, akaitazama redio, akanitazama mimi muda mrefu. Nilipandisha sauti mpaka mwisho. Akainuka akaenda jikoni, na tangu hapo hajarudi. Nakuambia tena, Krismasi Perpetua anakuja kumchukua. Wewe unanitumia masanduku.

Nalirudisha pamoja na redio. Nataka spika iliyo ndani ya redio, na iwe na nguvu kuliko hii.

Kitambaa kilikaa mahali pake, juu ya redio, na ikirudi kitakaa tena. Mke wangu alikifuma mwenyewe. Siwezi kumwambia ametengeneza moto.

Maximilian Bura


Katesh, 26 Oktoba 2024

Mzee Maximilian, shikamoo.

Nimejizuia siku kadhaa ndipo nikaandika hii.

Hakuna spika ya kuingia kwenye lile kabati yenye sauti kuliko sanduku lile. Haipo Katesh, haipo Babati wala Arusha. Ulisema sauti imechanika, nikashona. Ukasema kubwa, nikakuza. Sasa unasema kubwa kuliko kubwa, iingie mahali padogo, na mtu mmoja aipende, mtu ambaye mimi sijui anachukia nini. Hajira amekataa kukusoma tena, anasema unampandisha presha.

Fundi ni kama daktari, hawezi kutibu usipomwambia panapouma. Uliiwasha redio isiyo na spika kila jioni mpaka ikaungua. Mtu mzima hawashi redio bubu bila sababu. Nieleze sababu. La sivyo njoo uchukue vitu vyako, vitunguu nitakulipa.

Farouk


Bashay, 3 Novemba 2024

Farouk,

Usinifokee, mimi ni wa umri wa baba yako. Lakini una haki. Soma hii peke yako.

Jioni ya kwanza baada ya kukutumia spika niliiwasha redio kwa ajili ya taa tu. Nyumba bila ule mwanga wa njano ilionekana kama ina msiba. Kilichosikika ni mlio mwembamba kama wa mbu, unatoka kwenye chuma, na mpaka uiname ndipo uusikie. Genoveva akaja. Tangu Pasaka hakuja, siku ile akaja, akaketi mahali pake na ufumaji wake. Nikajua amekuja kunicheka. Akaanza kutikisa kichwa polepole kama mtu anayefuata wimbo. Kisha akanitazama, akasema, "Leo inaimba vizuri."

Farouk, redio haikuwa na spika.

Kesho yake nikaiwasha tena nione kama nimekosea. Akaja tena, akatikisa kichwa tena. Ndiyo maana niliiwasha kila jioni mpaka ikaungua. Nilikuwa nangoja nione kwamba nimekosea.

Hasikii. Ndama na chumvi, kuacha kwaya, kujificha jikoni, yote ni hilo. Akili yake nzima, masikio ndiyo yameondoka, naye ananificha. Sasa nikimwambia nimejua, atajua pia kwamba nilimwona akiigiza mbele ya redio bubu. Aibu hiyo siwezi kumpa. Utasema nimpeleke hospitali. Nimpeleke vipi mtu ambaye hajaniambia anaumwa? Nikasema moyoni, ikipatikana spika yenye nguvu ya kutosha atasikia, na hakuna atakayelazimika kusema neno.

Hapo ndipo panapouma. Ninaumia sana, mwanangu.

Maximilian


Katesh, 17 Novemba 2024

Shikamoo mzee wangu,

Hajira hajasoma.

Mimi ningemwambia tu mama kwamba umejua. Lakini mimi si mume wake, na kwangu hapa nyumbani nami nina mambo ambayo nimeyanyamazia. Basi nimefanya ninachokiweza.

Sanduku nimelitupa. Spika ya kisasa iliyokubali kuingia ndani ya kabati ni moja tu, ya gari, fupi nyuma, yenye mpira pembeni. Nimekata ubao mpya wa kuishikilia, nikaubana kwa skrubu na gundi kwenye mbao za redio ili usicheze. Sauti haina ukubwa wa sanduku lile, sikudanganyi. Na ina kasoro nyingine. Spika hizi ni nzito chini, zinapenda besi, na mbao za zamani ni nyepesi na kavu, kwa hiyo kabati zima linatetemeka nayo. Maneno ya mtangazaji yanazama kidogo. Nimejaribu kutuliza nimeshindwa. Ikikusumbua sana irudishe, nitaweka vipande vya mpira kati ya spika na ubao, kutetemeka kutakwisha.

Nisamehe kwa ile barua ya mwezi uliopita.

Farouk


Bashay, 26 Novemba 2024

Farouk,

Nimekusamehe barua, redio sikusamehe.

Umeniletea mashine ya kukoboa. Nilisema besi imepotea, basi umenikusanyia besi yote ya wilaya ya Hanang ukaifungia ndani ya kabati moja. Kikombe cha chai nikikiweka juu kinatembea. Kioo cha dirisha kinaitikia. Kwaya ikiimba, sauti ya kwanza na ya pili zimekufa, wa tatu anapumua kwa shida, na besi anatembea juu yao na viatu. Mtangazaji anaongea kama mtu aliyeanguka kisimani. Alhamisi nilisikia kwenye matangazo ya vifo kwamba Gidabuday amefariki. Nikavaa koti, nikaenda kutoa pole, nikamkuta anakamua. Sasa hanisemeshi.

Genoveva naye ameanza ukaidi mpya. Kile kitambaa ulichoniomba nikitoe nikakataa, amekitoa mwenyewe, amekikunja, amekiweka kabatini bila kusema kitu. Jioni anakaa karibu kabisa na redio, mkono juu ya ubao, nadhani anazuia kikombe kisianguke. Hata kikombe kikiwa hakipo mkono uko pale pale. Nikitaka kupunguza sauti ananipiga kofi la vidole. Sielewi, na sina nguvu ya kuelewa.

Jumatatu naituma. Weka huo mpira, mtetemeko uishe. Perpetua amethibitisha anakuja tarehe ishirini na tatu, na ameshamwandalia mama yake chumba.

Maximilian Bura


Bashay, 4 Desemba 2024

Mwanangu Farouk,

Marhaba. Mimi ni mama Perpetua. Barua hii namkabidhi konda mwenyewe. Mume wangu anajua nimekwenda kuuza mayai.

Mimi sisikii. Haya, limeandikwa, na mkono haujakatika.

Lilianza kidogo kidogo. Siku ya Pasaka kwaya ilimaliza wimbo wote wakanyamaza, mimi nikaendelea peke yangu, kanisa zima likageuka. Maximilian alikuwa mbele anaongoza, akanitazama kama niliyefanya makusudi. Sikuimba tena. Mama yangu mzazi alipoacha kusikia, watu walianza kumsema akiwa amekaa pale pale, kama wanamsema kiti. Niliogopa kuwa kiti. Mtu akiniuliza kitu nilibahatisha jibu, na mara nyingi nilikosea.

Sasa sikia la redio. Maximilian alipotoa spika, nani aliifunga kwenye boksi? Ni mimi. Nilijua kabisa redio ina tundu tupu. Jioni nikaona ameiwasha, nikasema hii ndiyo nafasi yangu. Kusema kwa mdomo nilishindwa. Nikaketi mbele ya redio isiyo na spika, nikatikisa kichwa, nikamwambia leo inaimba vizuri, ili aelewe, aniulize. Yeye alinitazama tu. Kesho yake nikafanya tena. Nikafanya kila jioni mpaka redio ikatoa moshi. Hakuniuliza.

Nilidhani hakuelewa. Kisha juzi nikaiona barua yako ameiacha mezani chini ya kikombe, nikaisoma, umeandika kwamba ungeniambia kuwa amejua. Kumbe alielewa siku ile ile! Badala ya kunigeukia mimi, ameigeukia redio. Tangu Septemba wanaume wawili mnafungua redio, mnafunga redio, mnasafirisha masanduku kwenye mabasi, mnatukanana kwa adabu, na mwenye masikio nimekaa hatua mbili kutoka pale nangoja kuulizwa. Mnachosha.

Ila hii spika ya mwisho, Farouk, usiiguse. Siku ya kwanza niliweka mkono juu ya ubao kuzuia kikombe, nikaushtukia wimbo umeingia kwenye kiganja. Ngoma naijua, mtu anayesoma habari namjua, anakwenda kwa kukatakata. Kwaya ikianza najua, na besi wakiingia nawajua wote, hadi kwenye kiwiko. Zamani sikuwajali besi, niliona wanapiga kelele chini ya wimbo wetu. Sasa ndio peke yao walionibakia.

Jumatatu alitaka kukutumia redio uweke mpira. Nilikataa kumfungia. Akafunga mwenyewe, kifurushi kikafunguka kabla hajafika barabarani, akarudi nayo kifuani amenuna. Ukiweka huo mpira nitakuja Katesh mimi mwenyewe, na Hajira atanisaidia.

Usimwambie haya niliyoandika. Mwambie aniulize. Nimechoka kuigiza, na sitaki kwenda Babati nikakae kwenye chumba cha mtu aliyepotewa na akili. Nataka kukaa kwangu, ila nataka kuulizwa.

Genoveva


Katesh, 9 Desemba 2024

Shikamoo mzee,

Mpira sikuwekei. Redio usiitume, nikiiona kituoni nitairudisha kwa basi hilo hilo. Nimefungua redio nyingi, lakini hakuna iliyowahi kuchosha nyumba mbili kwa mpigo kama hii.

Kazi ya fundi imekwisha. Imebaki moja na ni ya kwako. Mke wako umemwangalia, umempigia kelele za redio, umemtafutia spika mbili. Kumuuliza hujamuuliza. Kamuulize. Usingoje Perpetua afike.

Namsalimia mama. Na safari hii Hajira ameisoma barua yangu, anasema hivyo hivyo.

Farouk


Bashay, 29 Desemba 2024

Mwanangu Farouk,

Nilimuuliza. Nilijiandaa tangu nilipotoka kanisani Jumapili. Jioni nikakaa karibu naye, nikainama, nikamuuliza kwa sauti ya chini, ya heshima, "Genoveva, husikii?" Hakujibu. Nikaona nimemuudhi, moyo ukaniuma, nikaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi, ndipo nikakumbuka kwamba hilo ndilo jambo lenyewe.

Ikabidi nipige kelele. Siri niliyoifunika tangu Septemba nisimwaibishe mke wangu, niliitangaza kwa sauti yangu yote ya besi, mara mbili, mpaka Gidabuday akaja mbio na fimbo akidhani kuna fisi zizini. Angalau sasa ananisemesha.

Genoveva alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza. Akasema, "Tangu Pasaka. Umechelewa, Maximilian." Kisha akanieleza la spika, kwamba alijua, kwamba alikuwa ananiambia. Kila jioni alikuwa ananiambia, Farouk, na mimi nikawa naandika barua Katesh. Nililia mbele ya mke wangu na mbele ya Gidabuday, na sioni haya.

Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya ubao karibu na wake. Kwaya ilikuwa inaimba. Akasema, "Hapa besi wameingia." Kweli walikuwa wameingia. Akasema, "Mmoja amechelewa." Nikasikiliza vizuri. Mmoja alikuwa amechelewa, na mimi mwalimu wa kwaya sikuwa nimemsikia.

Perpetua alikuja tarehe ileile na begi tupu la kubebea nguo za mama yake. Alitukuta tumekaa, mikono juu ya redio. Nikamwambia, simama mbele ya mama, akuone mdomo, muulize habari za ndama. Akauliza. Genoveva akamjibu habari za ndama, mpaka rangi yake na jina la ng'ombe aliyemzaa. Perpetua alikwenda jikoni akakaa huko kidogo, aliporudi macho yalikuwa mekundu. Januari anatupeleka hospitali wote wawili, masikio yapimwe, na goti pia, halafu tunarudi nyumbani. Begi ameondoka nalo limejaa vitunguu swaumu. Vyako vimo kwenye kifurushi hiki. Fundo ni la Genoveva, tafuta kisu.

Perpetua anasema sauti ya hii redio inatisha, atatununulia mpya. Ni kweli inatisha. Maneno siyaelewi, vikombe havikai, siku hizi nasubiri kuona jeneza ndipo niamini mtu amekufa. Ni sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, na nimefundisha kwaya za watoto.

Usiiguse.

Maximilian Bura